Robo Rupia ya Kitangari

Msimu wa korosho uliopita nilikuwa Kitangari, Newala. Bibi mmoja aliniita barazani kwake. Baada ya shikamoo na marahaba alifungua pindo la kanga akatoa sarafu ndogo, nyeusi kwa uzee. Kijana mmoja kutoka mjini alikuwa ameitaka kwa bei ya soda.

"Mjukuu wangu, wewe unayesoma, hii ni kitu gani?"

Niliisugua kwa kidole, ikajitokeza sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani na kofia yake ya chuma. Ilikuwa robo rupia. Uzito wake haufiki gramu 3, lakini sehemu 11 kati ya 12 ni fedha tupu, iliyobaki ni shaba.

Rupia hizo zilianza kutolewa na kampuni ya Kijerumani mwaka 1890. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikaichukua kazi hiyo. Ikafuta hesabu ya pesa 64 kwa rupia moja, ikaleta heller 100. Kila tunaposema "sina hela", tunataja sarafu ya Mjerumani.

Lakini sarafu hizo hazikuletwa kwa ajili ya biashara peke yake. Kuanzia mwaka 1898 nyumba ya kijijini ilidaiwa kodi ya rupia 3, yaani robo 12 kama ile. Machemba, mtawala wa Wayao aliyekaa kwenye uwanda huohuo wa Makonde, alikataa kulipa. Mwaka 1899 Wajerumani wakamwendea kwa bunduki, naye akakimbilia Msumbiji. Waliobaki walitafuta rupia kwa kuuza mazao yao au jasho lao.

Vita ya 1914 ilipokata njia za bahari, Wajerumani walichapisha noti humuhumu nchini, na mwaka 1916 wakagonga sarafu za shaba Tabora. Waliposhindwa, mwenye noti alibaki na karatasi. Mwenye robo ya fedha aliifunga kwenye kanga.

Nilimsihi bibi asiiuze kabla ya kupata bei kwa watu watatu au wanne. Akaniuliza babu yake alilipa ngapi. Nikamwambia: robo 12 kila mwaka, kwa kila nyumba.

Akaifunga tena pindoni. "Basi hii moja waliisahau," akasema. "Siiuzi."

Wasomaji, tuulize wazee wetu mapema, kabla wanunuzi wa soda hawajatutangulia.