Samli, Nazi na Nasaba katika Mji wa Kale

Zama ambazo majahazi ya kaskazi yalitia nanga Bandari ya Kale, yakileta tende na papa mkavu kutoka Arabuni na Ghuba, maakuli ya kila siku ya watu wa Mombasa aghalabu yalikuwa samaki, muhogo na mbaazi, ilhali biriani iliyojaa samli ilingojea harusi na Idi. Na kwa kuwa daraja la maboya la Nyali halikufunguliwa hadi mwaka 1931, wengi walikwenda kwa miguu na kwa kasia.

Hata hivyo, si haki kudhani kwamba maisha hayo yaliwakinga wote na maradhi ya moyo, kwani iko kolesteroli ya juu ambayo mtu huirithi kama anavyorithi sura, naye mtoto wa mzazi mmoja mwenye hitilafu hiyo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuipata. Daktari Carl Müller wa Norway aliieleza hitilafu hiyo mwaka 1938. Watafiti Brown na Goldstein, waliotunukiwa Nobel mwaka 1985, wakabainisha kwamba ini hushindwa kuiondoa kolesteroli hiyo damuni. Pale binamu wanapooana, ada iliyozoeleka katika nyumba nyingi za pwani, mtoto aweza kuirithi pande zote mbili, akaota vinundu kwenye kano za kisigino na kuugua moyo angali mdogo.

Mpishi aliyeweka kando tui zito, akaziunga mbaazi kwa tui la pili na kumchoma changu kwa ndimu badala ya kumkaanga, amefanya jambo kubwa, lakini kwa mwenye maradhi haya chakula peke yake hakitoshi bighairi ya dawa, na ndugu zake wote yafaa wapimwe damu.