Takwimu za Gisenyi (Rubavu) katika data huria zilizounganishwa

Gisenyi ni mji wa Rwanda ulio kando ya Ziwa Kivu, unaopakana na Goma ya Kongo. Katika data huria zilizounganishwa, yaani hifadhi za taarifa zinazorejeana kwa anwani za wavuti, kama Wikidata (tangu 2012), DBpedia na GeoNames, mji huu unaonyesha vizuri jinsi takwimu zinavyopotoka bila mtu yeyote kudanganya.

Chanzo ni majina. Hadi mwisho wa 2005 Gisenyi lilikuwa pia jina la mkoa. Mageuzi ya utawala ya 2006 yaliufuta, ikaundwa Wilaya ya Rubavu katika Mkoa wa Magharibi. Leo Gisenyi ni mji, na pia ni sekta mojawapo kati ya 12 za wilaya. Rubavu nayo ni wilaya na vilevile ni sekta, na wengi huuita mji wenyewe Rubavu. Kiungo kimoja cha "ni kitu kilekile" kikiwekwa pasipostahili, wakazi wa wilaya nzima huhamia mjini, na kila hifadhi inayonakili hurithi kosa hilo.

Wilaya ilikuwa na watu 403,662 katika sensa ya 2012 na 546,683 katika ile ya 2022. Kwa hiyo namba isiyo na mwaka haifai kitu. Wikidata huruhusu kila idadi ibebe tarehe na chanzo chake, na iliyo mpya itangulizwe bila kufuta ya zamani. Utaratibu huo ndio bora. Chanzo cha msingi ni Taasisi ya Taifa ya Takwimu ya Rwanda (NISR), yenye makao yake Kigali.