Kufifia na Kufifishwa

Programu ya Lightroom, ambayo wapigapicha wengi wanaitumia kusafishia kazi zao siku hizi, ina sehemu ya kurekebisha kasoro za lenzi. Humo kuna kitelezi kinachoondoa giza kwenye pembe za picha. Teremka kidogo hadi sehemu ya madoido, utakuta kitelezi kingine kinacholirudisha giza lile lile. Kwa Kiingereza kazi zote mbili zimeangukia neno moja walilolichukua kwa Wafaransa, vignette. Anayefuta kosa na anayelitengeneza kwa makusudi wanagombea jina moja. Wenyewe wamelizoea. Sisi ambao bado hatujakubaliana neno letu hatulazimiki kuurithi mkanganyiko huo.

Njia ya mkato ni kutohoa: vinyeti. Tumetohoa magumu zaidi ya hilo. Ila neno likianza na vi-, Mswahili haliachi hivi hivi. Atalitafutia umoja, kama lilivyopatikana kipilefti likaja na vipilefti vyake, na haitapita muda tutakuwa na kinyeti kimoja. Na yeyote aliyewahi kusikia watu wakitaja sehemu nyeti kwa staha ataelewa kwa nini sitaki kumwambia bi harusi kwamba picha yake nimeitia vinyeti.

Kwa Wafaransa wenyewe neno halikuanza na giza hata kidogo. Vigne ni mzabibu, na vignette ni mzabibu mdogo: yale majani na matawi yaliyochorwa kwenye pambizo za vitabu kuwa pambo. Baadaye jina likahamia kwenye vielelezo vidogo visivyo na fremu, ambavyo mchoro wake unapotelea taratibu kwenye weupe wa karatasi. Wapigapicha wa karne ya 19 wakalichukua likiwa na maana hiyo. Mpigapicha Disdéri alikuwa amesajili hataza ya picha zake ndogo za kadi mjini Paris mwaka 1854, na katika miaka iliyofuata wateja walipenda sana kuonekana kichwa na mabega tu, vikielea kwenye weupe, bila kiti wala pazia.

Weupe huo ulikuwa kazi ya mikono. Fundi alichukua kadi, akakata tundu lenye umbo la yai, na ukingo wa tundu akauchonga meno. Kadi haikulazwa juu ya negativu. Iliinuliwa kidogo ili mwanga upenye chini ya meno na kutawanyika. Wengine walifunika tundu kwa karatasi ya shashi, kisha wakaiweka fremu kivulini badala ya juani, maana jua kali huacha mstari pale kadi inapoishia, na mstari ukionekana picha imeharibika. Ungemtajia vignette mtu wa miaka ya 1860, angeona nyeupe.

Giza ni la lenzi. Miale inayoingia ikiwa imeinama hupoteza nguvu, na kwa lenzi ya kawaida hesabu yake ni kali: kosaini ya nyuzi za mwinamo kwa kipeo cha nne. Mwale ulioinama nyuzi 45 hufika na robo tu ya mwanga wa katikati. Zaidi ya hapo, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, kuta za mwili wake hukata sehemu ya miale ya pembeni. Hilo la pili linapungua ukibana tundu. La kwanza linabaki pale pale.

Kuna lenzi iliyoonja ukali wa hesabu hiyo kuliko nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Goerz ya Ujerumani ilitengeneza Hypergon, iliyoona upana wa takriban nyuzi 135. Kwenye ukingo wa upana huo haibaki hata sehemu moja ya arobaini ya mwanga. Basi mbele ya lenzi wakapachika kipangaboi cha umbo la nyota, kinachozungushwa kwa hewa ya mpira unaobinywa kwa mkono, kiibe mwanga wa katikati huku pembe zikiendelea kupokea wa kwao. Picha ikikaribia kukamilika, nyota iliangushwa kando ili katikati nako kupate haki yake. Yote hayo kulifukuza giza ambalo leo watu wanalilipia.

Maana waliofuata waligeuza. Mpigapicha Ansel Adams, akiwa kwenye chumba cha giza, aliziongezea kingo za picha zake mwanga kidogo wakati wa kuchapa ili ziive kuliko katikati, jicho lisitoroke. Kamera ya Holga ya Hong Kong ya mwaka 1982, na lenzi yake ya plastiki, ilitoa giza hilo bila kuombwa. Kadhalika LOMO LC-A ya Leningrad ya 1984. Wapenzi wakajitokeza. Instagram ilipokuja mwaka 2010, kasoro hiyo ilikuwa imeshakuwa kitufe.

Kwa historia hiyo, istilahi kama giza la pembeni au pembe nyeusi zinaeleza nusu ya jambo, tena nusu ya baadaye. Kwa muda nilivutwa na pindo. Kanga ina mji katikati na pindo kuuzunguka, na kila mtu anajua macho yaende wapi. Lakini pindo la kanga lina mpaka. Unaweza kuweka kidole pale linapoanzia. Picha iliyofanywa vizuri haina mahali pa kuweka kidole hicho.

Kura yangu naipa fifia. Neno hili haliulizi kinachofifia kinaelekea wapi: taa ikififia linaingia giza, maandishi yakififia unabaki weupe wa karatasi. Picha ya kadi na picha ya Holga zote zimo. Kisha lina mnyambuliko. Picha imefifia pembeni: hiyo ni lenzi, hakuna wa kusifiwa. Picha imefifishwa pembeni: hapo pana mtu, na unaweza kumuuliza alikuwa na maana gani. Kutokana na lia tuna mlio, na kutokana na fifia tunaweza kupata mfifio, ile hali inayokuja yenyewe. Kazi ya makusudi iwe ufifishaji. Atasema mtu kwamba jua nalo hufifisha rangi ya nguo na halina nia yoyote. Ni kweli, na sarufi peke yake haitalimaliza hilo. Istilahi ni mapatano, nami naona hapa lugha imeshatufikisha karibu kabisa na mapatano.

Ufifishaji kwa weupe, kwa njia, haujafa. Kitelezi kile cha madoido kina sifuri katikati: ukikivuta kushoto unapata giza, kulia weupe, na kulia ni wachache wanaofika. Wapigapicha wa harusi zetu wangeujaribu. Bibi aliyevaa buibui akiwa amekaa mbele ya pazia la rangi ya kahawa, ukimfifishia kwa giza mabega yake yanamezwa na uso unabaki unaning'inia. Kwa weupe, pazia linapauka na umbo la buibui linajitokeza. Usizidishe tu.

Kuna aina ya tatu, na hapo fifia linakataa. Kofia ya lenzi isiyo saizi yake, au filta mbili zilizopandishwa moja juu ya nyingine, hukata pembe moja kwa moja. Pembe hizo zimezibwa. Kwa hilo ziba linatosha, na dawa yake ni kununua kofia ya lenzi yako.