Visima vya Rangi Nyekundu

Miaka ya sabini, maji ya madimbwi yalikuwa yakiua watoto wengi vijijini Bangladesh kwa kipindupindu na kuhara. Serikali, ikisaidiwa na UNICEF, ikaanza kuchimba visima vya bomba: bomba jembamba ardhini, pampu ya mkono juu, basi. Maji yakatoka baridi na maangavu. Watu wakayapenda, wakaanza kujichimbia wenyewe, hadi visima vikawa mamilioni.

Aseniki haikupimwa. Mchanga na matope ambayo mito imeshusha kutoka Himalaya kwa maelfu ya miaka yamebeba sumu hiyo, na kule chini kusikokuwa na hewa, bakteria huiachilia iingie majini. Haina rangi wala ladha. Na usidhani utachemsha iishe. Maji yatapungua sufuriani, yenyewe itabaki.

Mwaka 1983 daktari wa ngozi, K. C. Saha, alikuwa akiona Kolkata, upande wa India, wagonjwa wenye madoa mwilini na vinundu vigumu kwenye viganja. Hiyo ni ngozi tu. Saratani ya kibofu au mapafu inaweza kuja miaka mingi baadaye. Kule vijijini wengine walidhani ni ukoma, na kuna wanawake walioachwa na waume zao kwa sababu ya madoa hayo.

Sasa hapa ndipo mimi hukasirika. Mwaka 1992 shirika la Uingereza, British Geological Survey, lilipima maji ya visima Bangladesh. Likatafuta madini chungu nzima, aseniki likaiacha. Mwaka uliofuata ikathibitishwa kuwa imo. Mwanakijiji mmoja alilishtaki shirika hilo London, na mwaka 2006 majaji wa House of Lords wakaamua kwamba halikuwa na wajibu wowote kwake. Sheria ni sheria, sawa, lakini yeye maji alishayanywa.

Wakati huo visima karibu milioni 5 vilikuwa vimepimwa na kupakwa rangi: kijani kunywa, nyekundu kuosha tu. Takriban milioni 1.4 vilikuwa vyekundu. Dawa ilikuwa kuchimba chini zaidi, kwenye maji salama. Lakini mwaka 2016 Human Rights Watch iliripoti kwamba watu milioni 20 hivi bado wanakunywa sumu hiyo, huku baadhi ya visima virefu vya serikali vikiishia kwa marafiki na wafuasi wa wanasiasa. Hapo Mkenya hahitaji mkalimani.