Bata mwitu na miti: si kila mti ni rafiki

Huku Busi, Kondoa, mvua zikikolea madimbwi yanajaa na bata mwitu wanashuka. Kikundi chetu cha vijana kinataka kupanda miti kuzunguka bwawa. Wazo zuri, ila nikajiuliza: bata wataipenda? Kumbe inategemea ni bata gani.

WANAOTAGA CHINI
Bata mwenye uso mweupe, yule anayepiga mluzi akiruka, na yule mdogo mwenye mdomo mwekundu, kwa kawaida hutaga kwenye majani marefu. Mayai hulaliwa karibu mwezi mzima na kinga yake ni kutoonekana tu. Sasa ukiweka mti katikati ya majani umempa kunguru na mwewe kiti cha kuchungulia. Vichaka navyo vinamficha nguchiro.

WANAOTAGA MTINI
Bata ambaye dume lake lina nundu juu ya mdomo hupenda shimo la mti mkubwa. Mche wa mwaka huu hauna shimo, linahitaji miaka mingi. Mti mkongwe ukikatwa mkaa, nyumba yake ndio imekwenda.

WENZETU JE?
Marekani mwaka 1934, enzi za Rais Roosevelt, serikali ilianzisha mradi wa kupanda mistari ya miti kwenye mbuga za nyasi kuzuia upepo usibebe udongo. Leo baadhi ya wahifadhi wa bata kule wanaondoa miti iliyo katikati ya nyasi, maana mwewe na bundi hutua humo wakiwinda.

Sisemi miti ni mibaya jamani! Kondoa tunajua ardhi tupu inavyoumiza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoliwa na mmomonyoko, uoto ukarudi.

KWA HIYO
1. Tupande miti kwenye makorongo na majumbani.
2. Ukanda wa majani kando ya bwawa tuuache wazi, na tusiuchome moto bata wakiwa wanalalia.
3. Miti mikongwe yenye mashimo isiguswe.

Kikao ni Jumapili. Nitayasema haya hata wakinicheka, maana miche tayari ipo na majembe yapo. Kwenu bata wanataga wapi? Haya, changieni hapo chini.