Fisi Maji wa Bahari na Msitu wa Mwani: Historia ya Istilah

Jina la fisi maji si geni kwa Waswahili. Ni mnyama wa mito na maziwa yetu. Jamaa yake wa Pasifiki ya Kaskazini huishi baharini, na manyoya yake mazito ndiyo yaliyomponza. Mabaharia wa Vitus Bering waliporudi Urusi na ngozi zake mwaka 1742, wawindaji walianza kumwandama. Hata ulipofika mkataba wa 1911 baina ya Urusi, Japani, Uingereza na Marekani, walikuwa wamesalia wapatao 2,000 tu.

Mwaka 1974 James Estes na John Palmisano walilinganisha visiwa vya Aleutian. Palipokuwa na fisi maji, mwani mrefu ulishamiri kama msitu, kwani yeye hula wanyama wa miiba watafunao mwani huo. Alipokosekana, wanyama hao walizidi na mwani ukawa haba.

Mwaka 1969 Robert Paine alikuwa amekwisha kuipa spishi ya namna hii jina la jiwe la kati la tao, ambalo likiondolewa tao huanguka. Kulifasiri kwa 'spishi kuu' ni kupotosha, maana hoja si ukubwa wala wingi, bali kutegemewa. Twapendekeza 'spishi mhimili', kwani mhimili ukiondoka dari huporomoka. Kadhalika tuseme 'msitu wa mwani', si 'magugu ya bahari'. Msomaji asikiapo magugu hufikiri kung'oa, si kuhifadhi.