Usonji na Malezi ya Kale ya Rungwe

Katika nchi ya Wanyakyusa, baina ya Mlima Rungwe na ufuko wa Ziwa Nyasa, palikuwapo desturi iliyowastaajabisha wageni wengi: mtoto wa kiume, akisha kuchunga ng'ombe na wenziwe tangu udogoni, alipotimiza umri wa miaka 10 au 11 aliiacha nyumba ya babaye akaenda kulala katika kijiji cha rika lake, akawa anarudi kwao kwa chakula, tena si peke yake bali na kundi la sahibu zake, leo wale kwa mama huyu na kesho kwa mama yule. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huko baina ya mwaka 1934 na 1938, walieleza jinsi usuhuba huo wa rika ulivyotukuzwa, na jinsi mtu aliyependelea kula faraghani alivyodhaniwa kuwa mchawi.

Wakati huo usonji haukuwa ukijulikana sana bado. Mwaka 1943 Leo Kanner, tabibu wa Baltimore, aliandika habari za watoto 11, wanane wa kiume na watatu wa kike; mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna akaeleza wavulana wanne, na dhana ikaota mizizi kwamba hali hii aghalabu ni ya wanaume. Wataalamu wa siku hizi hukadiria wavulana watatu kwa msichana mmoja, nao wanakiri kwamba wasichana wengi hawatambuliwi. Utotoni tofauti si kubwa; lakini kadiri umri unavyosonga, mvulana huonekana kwa kurudiarudia vitendo na kushikilia jambo moja, ilhali msichana huiga wenziwe, huficha taabu yake, na mara nyingi ni baada ya kubalehe, urafiki unapokuwa na mafumbo mengi, ndipo hofu na huzuni humlemea.

Ukiyapima malezi ya Rungwe kwa maarifa hayo, utaona kuwa yalimweka mvulana mwenye usonji hadharani katika umri ule ule ambao upweke wake usingeweza kusitirika, kwani asiyejua kushirikiana machungani angeshindwaje kujulikana na rika zima? Msichana mwenye hali hiyo alibaki na mamaye, katika maji, kuni na chungu, kazi zenye utaratibu usiobadilika, kisha akaolewa mapema, akakutana na sheria ya kumkwepa baba mkwe, asimtazame wala asitaje jina lake. Hapo ndipo penye ajabu: kuinamisha macho, ambako kwa tabibu ni dalili, kwa bibi harusi yule kulikuwa adabu na sifa. Nadhani, ingawa ni dhana yangu tu, sheria iliyo bayana namna ile ilikuwa nyepesi kwake kuliko porojo za wake wenza, ambazo hakuna aliyemfundisha kanuni zake. Na aliposhindwa huko, huenda aliitwa mwenye kiburi au mvivu.

Tofauti hiyo ilionekana shuleni pia. Huko Malangali, katika nyanda za Iringa, Mumford, ofisa wa elimu wa serikali ya kikoloni, aliongoza mwishoni mwa miaka ya 1920 shule ya wavulana iliyochanganya masomo na mila, na wavulana hao wakawa mbele ya macho ya walimu na wazee usiku na mchana. Mabinti wengi wa vijijini hawakufika mbele ya mwalimu mpaka elimu ya msingi kwa wote ilipoenea katika miaka ya 1970, na hata hapo darasa lenye wanafunzi wengi liliwashukuru kwa ukimya wao.

Basi nawaomba walimu wa Rungwe, Mufindi na Iringa: mtoto wa kike anayesifiwa kwa upole, asiye na rafiki hata mmoja na anayelia kila arudipo nyumbani, msimsubiri avunjike ndipo mmpeleke kwa mganga wa hospitali, mpelekeni mapema kama mnavyompeleka kaka yake mwenye fujo.